Mlinzi wa Mistari ya Babu

Wadogo zangu, na hasa wewe Lusajo ambaye najua unaisoma hii ukiwa umeificha katikati ya daftari la Jiografia, mimi dada yenu Atupele nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tano, na tayari ni mstaafu. Utumishi wangu ulidumu wiki mbili na siku moja. Sikuagwa kwa saa ya ukutani wala blanketi, hakuna aliyesimama kunisomea risala. Niliagwa kwa bakuli la uji uliobaki. Lakini mstaafu ni mstaafu, na kazi ya mstaafu ni kuwachosha vijana kwa mawaidha. Kwa hiyo kaeni chini, zimeni simu, na anayetaka kwenda chooni aende sasa hivi.

Kazi yangu ilikuwa kulinda mistari. Kwa faida yenu mliokuwa mbali mkifurahia likizo ya Juni, Babu yetu wa Kyimo ana saratani ya mapafu. Pafu lenyewe ni la kushoto. Madaktari wakaamua achomwe kwa mionzi kwenye hospitali kubwa kule Mbeya, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki nne, jumla siku ishirini. Na ili mashine ijue ichome wapi, walimchora kifuani na ubavuni kwa wino wa zambarau: msalaba mmoja katikati, mistari miwili pembeni. Mistari hiyo ilitakiwa ikae pale pale kwa wiki zote nne. Kuhakikisha inakaa ndiyo ilikuwa ajira yangu. Kuna watu hulinda benki. Mimi nililinda wino.

Mtauliza niliipataje. Sikufanya usaili. Kiliitishwa kikao cha ukoo sebuleni kwa Babu, na kila aliyekuja alikuja na sababu yake mkononi kama kadi ya kliniki. Shangazi mkubwa ana goti. Shangazi wa kati ana chai ya kuchuma. Shangazi mdogo ana mume, na nilivyomwelewa, huo ni ugonjwa mkubwa kuliko yote. Baba yangu anafundisha wilaya ya mbali na alikuwa kwenye kusahihisha mitihani. Bibi, mnajua, tulimzika zamani.

Akabaki Mama yangu, mwenye nguvu, mwenye akili, anayeishi hatua hamsini kutoka mlango wa Babu. Na Mama ndiye pekee ambaye hakuwezekana kabisa.

Lusajo, wewe umezaliwa juzi, nitakueleza. Kwa Wanyakyusa wa kale, mke wa mtoto wako hatazamani na wewe baba mkwe. Hakupiti mbele, hakai chumba kimoja na wewe, wala hakusemeshi. Wengi siku hizi wameacha. Mama hakuacha, kwa sababu alipoolewa, Bibi alimfundisha hivyo, na Mama akifundishwa kitu hakimtoki tena. Miaka kumi na tisa amekuwa akipita nyuma, migombani, kwenda kisimani, hata mvua ikinyesha, hata kama Babu yuko uani amesinzia mdomo wazi. Kapitisha miguu hadi pale pana njia kabisa, utadhani ya ng'ombe.

Na msidhani hawakuongea. Waliongea sana. Waliongea kupitia mimi.

"Atupele, muulize babu yako kama amekula," Mama anasema akiwa nyuma ya ukuta wa jiko, kwa sauti ya kusikika hadi Tukuyu mjini.

"Babu, Mama anauliza kama umekula."

"Nimemsikia. Mwambie bado."

"Mama, bado."

"Nimesikia. Mwambie ndizi ziko motoni."

"Gwe, mwambie nasikia harufu."

Miaka yangu yote nimekuwa mnara wa simu. Kwa hiyo kikao kilipofika mwisho na macho yote yakanigeukia, sikushangaa. Babu mwenyewe ndiye aliyepitisha hoja. "Nitakwenda na mke wangu mdogo," alisema, maana ndivyo anavyoniita, na mimi humwita mume wangu asiye na meno. Wajumbe wakapiga makofi kwa furaha ya watu waliookoka.

Siku ya kwanza hospitalini tulikabidhiwa kwa mtaalamu wa mionzi anayeitwa Dada Zuhura. Ni mfupi, anavaa mtandio wa bluu, na anaongea polepole kama mtu anayejua utamsikiliza tu. Yeye ndiye aliyechora. Babu alilala chali mikono ameiinua juu ya kichwa, na Dada Zuhura akachora huku akipima na kupima tena.

"Mmenitia alama kama ng'ombe wa mnada," Babu alisema.

"Ng'ombe hatulii hivi, mzee. Wewe umetulia vizuri."

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mlezi?"

"Ni mke mdogo," Babu alijibu.

"Haya, mke mdogo. Uvimbe uko hapa, pafu la kushoto. Jirani yake ni moyo. Mistari hii ndiyo inayotuambia tupige wapi na tusipige wapi. Aoge, lakini hapa asisugue. Asipake sabuni, asipake mafuta, asipake dawa ya kuchua. Ikififia, uniletee mimi niikoleze. Mtu mwingine asiiguse. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Nikampiga picha Babu kifua wazi, nikaituma kwenye kundi la familia na maneno "Babu amechora tatuu, anaondoka kwenda kuimba muziki." Mashangazi walicheka siku nzima. Goti la mtu haliumi akiwa anacheka kwenye simu.

Sasa niwape ujuzi, maana siku moja mtaitwa na nyinyi, na mimi nitakuwa nimeshaandaa goti langu.

Kwanza, vifungo. Mgonjwa wa kifua hana haja ya fulana wala sweta la kuvalia kichwani, maana kila siku atavua na kuvaa, na mkono ukiinuka anaishiwa pumzi. Mimi nililipeleka sweta la Babu, lile zito la kijivu, kwa fundi cherehani mmoja pale Bagamoyo ya Tukuyu. Sio Bagamoyo ya pwani, Lusajo, punguza ushamba. Nikamwambia alipasue mbele kutoka shingoni hadi chini.

"Sweta zima hili? Halina hata tundu?"

"Lipasue, fundi."

"Aliyekutuma ana akili timamu?"

"Ana saratani ya mapafu."

Fundi akachukua mkasi. Alishona vifungo sita vikubwa, kila kimoja na rangi yake, akasema mzee akivaa hivi hata ugonjwa utacheka utoke. Haukutoka kwa kucheka, lakini Babu aliacha kuishiwa pumzi wakati wa kuvua, na hiyo ni dawa kuliko dawa nyingine nilizoona.

Pili, koo. Wiki ya pili koo linaanza kuuma, kwa sababu njia ya chakula iko jirani na pale panapopigwa. Mtu anameza mate utafikiri anameza mwiba. Msimpe chochote cha moto, msimpe pilipili. Mpeni uji uliopoa, maziwa mgando, parachichi lililopondwa. Parachichi tunazo hadi tunazirushia mbwa, kwa hiyo msiniambie hamkupata. Babu alikataa uji akisema yeye si mtoto wa kliniki. Nikamwambia sawa, nitaula mimi, nikaanza kuula mbele yake nikijilamba vidole. Alininyang'anya bakuli. Mwanamume ni mwanamume hata akibaki na pafu moja.

Tatu, majirani. Hawa hawana tiba.

Watu wa Kyimo walikuja kumwona Babu wikiendi ya kwanza, wakakaa mita tatu. Kumsalimia walimpungia. Mama Ipyana, jirani yetu wa upande wa juu, aliniita pembeni akaniuliza kama ni kweli mionzi inabaki mwilini na inaweza kuwaingia wengine. Sasa mtu akiniuliza swali kama hilo mimi nifanyeje, wadogo zangu? Nilimwambia ndiyo, na kwamba ukilaza simu kifuani kwa Babu kwa nusu saa inajaa chaji. Jioni nilimkuta amekaa karibu na Babu, karibu kabisa, wanaongea habari za zamani, na simu yake iko juu ya sweta la vifungo sita. Ilitoka na asilimia ile ile. Lakini alikuwa mtu wa kwanza kumshika Babu mkono wiki hiyo, kwa hiyo nikaona uongo wangu umefanya kazi ya kanisa.

Nilipomsimulia Dada Zuhura alicheka, kisha akanisahihisha. "Hii mionzi ni kama tochi. Ukizima tochi, huukuti mwanga umebaki ukutani. Waambie wamkumbatie." Niliwaambia. Walisubiri kwanza nimkumbatie mimi.

Sasa tufike kwenye kosa, maana naona mmeanza kupiga miayo, na mstaafu asiye na kosa la kusimulia huyo hakuwa kazini, au alikuwa amelala kazini.

Siku za wiki tulilala Mbeya kwa shangazi mwenye goti. Ijumaa baada ya mionzi tulirudi Kyimo. Wikiendi ya pili, siku kumi zimekwisha, zimebaki kumi. Jumapili hiyo kanisani kulikuwa na Meza ya Bwana, na Babu ni mzee wa kanisa tangu enzi za taa za kandili. Jumamosi jioni, baridi ya mwezi wa sita ikiwa imetua na ukungu umefunika hadi kizingiti, nilimpelekea maji ya moto bafuni. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: anaoga mwenyewe, mimi nakaa nje na kumkumbusha kwa sauti kila dakika mbili, "Kifua, Babu!" naye anajibu, "Nimekiacha!" Akitoka namkagua.

Jumamosi hiyo kulikuwa na mjadala kwenye kundi la darasa letu. Kijana mmoja wa mchepuo wetu alikuwa ameandika jambo la kipumbavu na lilihitaji jibu. Nilimjibu vizuri sana. Nilimjibu kwa ufundi. Kwa muda wa robo saa hakuna aliyesema "Kifua, Babu."

Babu alitoka anang'aa kama sufuria mpya. Alikuwa amejipiga dodoki.

"Mke mdogo, nimetakata," alisema. "Siwezi kwenda mezani kwa Bwana na kifua kinanuka zahanati."

Nikafungua vifungo. Mstari wa kushoto haukuwepo. Wa kulia ulikuwa kivuli. Msalaba wa katikati ulibaki na mkono mmoja.

"Babu. Umefanya nini?"

Alijitazama. Ndipo akaelewa, na nikaona uso wake ukisawijika. Alikaa kitandani. "Watanifukuza," alisema taratibu. "Watasema mzee huyu mkaidi, hasikii, arudi Kyimo akafie migombani. Gwe, Atupele. Usiseme."

Hakuniita mke mdogo. Hapo nilitakiwa kujua kuwa hili si la utani. Lakini mimi ni mtu wa vipaji. Nilikuwa na kalamu ya wino mzito ya zambarau niliyoinunua kwa ajili ya michoro ya Baiolojia, na nilikuwa na ile picha kwenye simu. Nikamkalisha Babu karibu na taa, nikaangalia picha, nikachora. Nilichora kwa rula, wadogo zangu. Mistari ilinyooka kuliko ya Dada Zuhura mwenyewe. Moyo wa chura nimewahi kuuchora nikapata alama zote. Sikuona kwa nini kifua cha babu yangu kinishinde.

"Imefanana?" Babu aliuliza.

"Imezidi."

Tukapeana mikono. Kesho yake Babu akapokea mkate na divai akiwa na siri ya zambarau chini ya sweta, na mimi nikaimba kwaya.

Tulichosahau ni taulo. Nguo za Babu hufuliwa na Mama. Hawezi kumtazama usoni, lakini anayajua mavazi yake kuliko anavyoyajua ya mumewe. Jumapili mchana alinikuta jikoni akiwa ameshika taulo jeupe lenye madoa.

"Hili limefuta nini?"

"Babu alikula zambarau."

"Zambarau za mwezi wa sita?"

Nikajifanya nachochea moto. Mama hakugomba. Aliliangalia lile taulo, akaangalia kuelekea nyumba ya Babu, akaniambia, "Mistari ikifutika anaichora nani?"

"Dada Zuhura."

"Na imefutika?"

Nikamwambia yote. Nilidhani atanipiga. Alikaa kwenye kigoda. "Kesho utamwambia huyo Zuhura kabla hawajamlaza," alisema. "Na mimi nitakuja."

"Mama, utakujaje? Babu si atakuwepo?"

"Nitakuja."

Alikuja. Jumatatu asubuhi kwenye korido ya mionzi kulikuwa na kichekesho kamili: Babu na mimi kwenye benchi la huku, na Mama kwenye benchi la mwisho kule, amegeukia ukuta, kitenge amejifunika kichwa hadi usoni. Wagonjwa wengine walimpa pole wakidhani amefiwa. Babu aliona kitenge, akakijua, akatazama upande wa pili kwa heshima. Watu wawili wa nyumba moja, kila mmoja anatazama ukuta wake. Katikati yao mimi, mnara wa simu, ujumbe mmoja tu wa kufikisha.

Nilikwenda kwa Mama mara moja. "Utasema?" aliuliza bila kugeuka.

"Nitasema."

Babu akaitwa. Nikamshika mkono tukaingia chumba cha mashine, nikamfungua vifungo sita, nikamsaidia kupanda kitandani, akalala, mikono juu ya kichwa. Taa zikapunguzwa. Mistari ya mwanga wa kijani ikashuka kifuani kwake, na Dada Zuhura akainama kuilinganisha na ya wino.

"Hee," alisema. "Mistari imekolea leo."

Huo ndio ulikuwa mlango, wadogo zangu. Ulikuwa wazi kabisa, mtu angepita na kitanda. Babu alinitazama. Nikafungua mdomo, mdomo huu huu ambao haujawahi kushindwa na mwalimu wa nidhamu, na ukatoka na hiki:

"Ni baridi ya Kyimo, dada. Inahifadhi vitu."

Dada Zuhura alicheka. Msaidizi wake alicheka. Hata Babu alijilazimisha. Utani ulikuwa mzuri, ulifika kwa wakati wake, na ni wa aibu kuliko wote niliowahi kuutoa. Kitanda kikasogezwa kufuata wino wangu. Nikaambiwa nitoke, nikatoka.

Mlango wa chumba kile ni mnene kama ukuta, unajifunga wenyewe, polepole. Mama alikuwa amegeuka. Kitenge kilikuwa mabegani.

"Umesema?"

Nikatazama vigae. Vilikuwa safi sana.

Mama akasimama. Sikuamini anakwenda wapi mpaka alipokuwa ameshafika. Alipita kiubavu kwenye ule mlango ukiwa unajifunga, mimi nyuma yake, na Dada Zuhura aliyekuwa anatoka akamzuia kwa mikono miwili. "Mama, hapana, huku haruhusiwi mtu!"

"Msiwashe," Mama alisema. "Hiyo mistari siyo yenu. Imechorwa nyumbani."

Sasa pigeni picha hiyo akilini. Mbele ya Mama, hatua tatu, amelala baba mkwe wake, kifua wazi, taa ya kijani ikimmulika. Miaka kumi na tisa ya kuzunguka migomba imeishia hapo. Na Babu maskini hawezi hata kujifunika, maana ameambiwa asitikisike na mikono iko juu ya kichwa. Heshima pekee aliyobaki nayo ilikuwa kope. Akafumba macho. Mama naye hakurudi nyuma na hakutazama chini.

"Ilifutika Jumamosi," aliendelea. "Mtoto akachora kwa kalamu ya shule. Waliogopa mtamfukuza."

Dada Zuhura hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliwasha taa, akachukua karatasi za Babu, akapima, akapima tena.

"Ulimchora amekaa au amelala?" aliniuliza.

"Amekaa."

"Na mikono?"

"Magotini."

"Sisi tulimchora amelala, mikono juu. Mtu akikaa, ngozi inateremka. Akilala, inapanda na wino wako." Akaniwekea vidole viwili kwenye kifua changu mwenyewe, juu ya sweta la shule, kunionesha. "Umekosea kiasi hiki. Kuelekea moyoni."

"Lakini nilitumia picha. Na rula."

"Najua. Umenyoosha vizuri sana."

Hakusema kwa kejeli. Mimi ndiye mtu wa kejeli, najua tofauti.

"Na ungegundua, dada? Kama Mama asingeingia?"

Aliwaza kidogo. "Labda. Labda nisingegundua leo." Kisha akamwinamia Babu. "Mzee, fungua macho. Hakuna anayekufukuza. Ikifutika tunachora tena, ndiyo kazi yetu. Leo hatuchomi. Unarudi kwenye mashine ya vipimo, tunakupanga upya, kesho tunaendelea. Sawa?"

Babu akafungua macho. Hakumtazama Dada Zuhura. Alitazama dari, akameza mate kwa lile koo lake la mwiba, akaanza: "Atupele, mwambie mama yako..." Akakatiza. Nikasubiri ujumbe. Haukuja kwangu.

"Mama Atupele," alisema Babu. "Ndaga fijo."

Asante sana. Ndicho alichosema, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kawaida, kwa mtu aliyesimama hatua tatu. Mama alipiga goti pale pale kwenye vigae vile safi, kama anavyosalimiwa mkubwa. Mimi sikuwa na utani wowote. Niliutafuta, haukuwepo.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Wengine husema walifukuzwa. Mimi nasema nilipumzishwa kwa manufaa ya kifua. Jioni ile Mama alinikabidhi bakuli la uji uliobaki, akasema, "Kuanzia kesho wewe utabeba chupa ya chai." Siku kumi zilizobaki, ulinzi wa mistari ulikuwa wa Mama. Hakutumia simu. Akisimama nje ya bafu hakusema "Kifua, Babu" kila dakika mbili. Alisema mara moja tu, "Baba, hapo pasiguswe," na hapakuguswa.

Habari zilifika kwa mashangazi kabla hatujafika sisi. Shangazi mdogo, yule mwenye mume, alipiga simu na kuweka sauti ya msiba: eti tumesikia mkwe ameona kifua cha baba. Babu aliomba simu.

"Ameona, ndiyo," alisema. "Nyinyi mlikuwa na ruhusa ya kukiona. Mlikuwa wapi?"

Goti, chai na mume vilipona wiki hiyo hiyo. Wote watatu walifika hadi hospitalini kumwona.

Siku ishirini zimekwisha. Daktari amesema tusubiri miezi kadhaa, uvimbe unywee au ukaidi, ndipo apigwe picha nyingine waone. Kwa hiyo hatujui. Najua mlitaka niwaambie amepona. Mimi pia nilitaka niwaambie. Babu anakohoa kidogo kuliko zamani, anatembea hadi kwenye miti ya parachichi na kurudi, na akifika analala. Mistari inafifia yenyewe. Anaikagua kila asubuhi kwenye kioo, na mtu akiisogelea na sabuni anamfukuza.

Nafasi yangu iko wazi, wadogo zangu. Sifa za mwombaji ni chache: ajue vifungo, ajue uji uliopoa, na awe na mdomo unaofanya kazi pale mlango unapojifunga. Mwenye vichekesho asijisumbue, tulishakuwa naye.

Nilikuwa nyumbani Jumamosi iliyopita. Nilipita kule nyuma kwenda kisimani, kwa mazoea, nikajikwaa. Ile njia ya migombani imeota majani hadi magotini. Nikarudi kupitia uani, na nikamkuta Mama amesimama mbele ya kiti cha Babu na ndoo inayofuka moshi, anamwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi hatua mbili nyuma nilikaribia kuikosa:

"Baba, maji yako tayari."